Kikaangio Kinachopumulia Mgongoni

Usiku wa jana niliota nimeitwa kwenye mtihani, na chumba cha mtihani kilikuwa jiko langu mwenyewe, hapa hapa Muheza, na somo lilikuwa moja tu: Kuzima.

Kabla sijakuingiza ndani ya ndoto, nikwambie kwanza hali ilivyokuwa nje yake. Mwanangu Saumu, anayekaa Morogoro, aliniletea mwezi wa Rajabu kikaangio cha umeme, hivi vya kisasa vinavyokaanga kwa upepo wa moto bila mafuta. Kikakaa juu ya meza ya jikoni kimejituna kama kuku anayeatamia. Nilikipenda siku ile ile. Nikakaa wiki mbili nakifumia kitambaa cha uzi mweupe, ua la waridi katikati, pindo la buluu, maana kitu ninachokipenda siwezi kukiacha uchi. Redio yangu ina kitambaa. Pasi ina kitambaa. Birika lina kitambaa. Friji peke yake ndilo halina, kwa sababu linatetemeka mno, miaka kumi na moja sasa, na chochote ukiweka juu yake kinatembea chenyewe mpaka kinadondoka.

Basi kila nikimaliza kukaanga viazi vyangu vitamu, papo hapo nakivika kikaangio kitambaa chake, vumbi lisikiguse.

Wiki iliyopita kitambaa kikanuka. Hakikuwaka, kilinuka tu, na pindo likageuka rangi ya chai. Lakini jirani yangu Mama Hiza ana pua inayofika Morogoro kabla ya simu. Saumu akapanda basi. Alifika jana jioni, akala, akanawa, kisha akaniambia kwa upole kwamba asubuhi nitakaanga viazi mbele yake na nitakizima kikaangio mwenyewe bila kuambiwa. Nikikizima sawasawa, nabaki na jiko langu na nyumba yangu. Nikikosea, kikaangio kinarudi kwenye boksi lake, na mimi nafungasha nguo nikaishi kwake, ambako, alisema, sitagusa hata kijiko. Alilisema hilo kama mtu anayetoa zawadi.

Masharti alikuwa ameniandikia tangu siku alipokileta. Karatasi aliibandika ubavuni mwa kikaangio. Na kitambaa changu ni kirefu, kinafika mezani. Kwa hiyo hesabu mwenyewe karatasi ile nimeisoma mara ngapi.

Nikalala na hilo kifuani. Na sasa nimo ndani.

Jikoni ni saa nne ya asubuhi. Jua limejaa, harufu ya machungwa inaingia kwa dirisha la uani. Katikati pana dawati, lile lile nililokalia darasa la saba, na jina langu nililolichonga kwa msumari bado lipo, na adhabu niliyopewa kwa kulichonga bado naikumbuka. Nakaa. Miguu haifiki chini. Nyuma yangu, kwenye benchi, wamejipanga vyombo vyangu: Pasi, Birika, Redio, kila mmoja na kitambaa chake begani, wametulia kama watoto wanaojua mgeni yupo. Friji kakaa peke yake kule mwisho, anatetemeka, na benchi lote linatetemeka naye.

Msimamizi ni Soketi. Ametoka ukutani na kipande cha ukuta wake, amesimama mbele ya darasa, uso wake matundu matatu, uso wa mtu aliyeshangaa siku aliyozaliwa na hajamaliza. Anasoma jina langu kwenye karatasi isiyo na maandishi.

"Kidawa binti Mhina. Mtahiniwa namba moja. Mtahiniwa namba mbili hayupo na hatakuwepo."

Namwuliza nikifaulu napata nini. Ananiambia nikifaulu sipati kitu, nabaki nacho. Namwuliza na nikifeli je. Ananionyesha chini ya dawati.

Naangalia. Kisiginoni mwangu mnatoka waya. Mweusi, mnene, wala hauumi. Umepita chini ya benchi, umetoka mlango wa uani, umepita bomba la maji, umepita kamba ya nguo ambako Mama Hiza kaanika mashuka yake, ukaenda mpaka kwenye mchungwa. Pale chini ya mchungwa, ardhini, pana plagi. Nimechomekwa Muheza.

"Ukifeli unachomolewa," anasema Soketi. "Boksi lako lile pale."

Boksi lipo kweli, limesimama pembeni ya jiko la mkaa. Limetiwa yale maboya meupe ya kukinga vyombo visivunjike, yanayotia meno ganzi yakisuguana, na yamekatwa kwa umbo langu, hata mahali pa kilemba pameachwa. Ubavuni limeandikwa MOROGORO, na chini yake, HUU NDIO UPANDE WA JUU. Nakiri kwamba nyonga walizipima vizuri.

Kengele inalia, ti ti ti, na anaingia Kikaangio.

Anaingia taratibu, amefunikwa kitambaa changu gubigubi kama bi harusi, na jasho linamtiririka. Anasimama mbele ya dawati langu na kuinama kidogo.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo, ila si mzima."

Nampa pole, namwuliza anaumwa nini.

"Siumwi. Sijazimwa. Nikizimwa ndipo nakuwa mzima."

Redio anakohoa kikohozi cha mtu anayeficha kicheko. Soketi anaandika kitu ukutani kwa kidole. Mimi nageuza yale maneno kichwani, mara mbili, mara tatu, na bado hayajakaa, na Kikaangio anazidi kuniinamia.

"Kitendawili," anasema.

Hapo moyo wangu unaruka, nikuambie ukweli. Mtihani mimi naogopa, lakini kitendawili nimelelewa nacho. Nasema "Tega" haraka kabla hajabadili mawazo.

"Nizime niwe mzima."

Nasema mshumaa. Ukiuzima unabaki mzima, usipouzima unaisha. Anatikisa kichwa. Nasema ugomvi. Anatikisa kichwa. Nasema homa, ukiizima mtu anakuwa mzima, na hapo nilijiona nimefika, lakini anasema homa haitegi vitendawili.

"Basi nipe mji," anasema.

Nikatulia, maana miji ninayo tele. Ndivyo tulivyocheza tangu utotoni, ukishindwa unampa mwenzio mji, naye anasema amekwenda huko, kisha anakwambia jibu. Nampa Korogwe. Ananiambia Korogwe anayo Pasi, na Pasi kule nyuma anatoa kimvuke cha kukubali. Nampa Handeni. Handeni anayo Birika tangu mwaka juzi. Pangani kachukua Redio. Lushoto kachukua Friji, kwa bahati mbaya, maana baridi yote iko kule, na kila mtu anamhurumia lakini mji ukishapokewa haurudishwi. Nampa Morogoro.

"Morogoro anayo Saumu," anasema Kikaangio. "Umebaki Muheza."

Waya unakaza kisiginoni. Soketi ananiambia nitoe Muheza au nitoe jibu.

"Muheza sitoi," nasema.

"Basi fanya mtihani," anasema Soketi. "Jibu limo ndani ya mtihani."

Sharti la kwanza linasomwa: Zima. Napitisha mkono chini ya kitambaa, napapasa kama mtu anayetafuta sikio la mtoto aliyejifunika shuka. Kitufe nakipata tumboni, mahali pa kitovu. Nabonyeza. Taa nyekundu inazimika. Lakini ndani upepo unaendelea, fuuu, fuuu, kama vile sijafanya kitu. Nafikiri hajanisikia. Nabonyeza tena.

Niko Morogoro.

Sikupanda kitu, sikushuka kitu. Nimekaa kwenye sofa la Saumu, lile ambalo mpaka leo hajalitoa nailoni, na kila nikivuta pumzi linalalamika. Kwenye televisheni mtu ananieleza hali ya hewa ya mahali ninapokaa, lakini hapataji. Mapajani nina sahani ya papai lililokatwa vipande vidogo vidogo, kila kipande na kijiti chake. Sauti ya Saumu inatoka chumba kingine inasema mama usisimame, nakuletea. Sijaomba kitu. Nasimama. Nafungua mlango nitafute jiko, nakuta sofa. Nafungua mlango wa pili, sofa. Wa tatu, sofa, na juu yake nimekaa mimi, nakula papai, na yule mimi ananitazama kwa huruma na kunisogezea sahani.

Juu ya meza ya kioo pana kitufe. Nakibonyeza kwa ngumi.

Niko jikoni, dawati lile lile, na waya wangu umefupika. Sasa haufiki kwenye mchungwa kwa raha, umekaza kama kamba ya nguo.

Soketi anasema nimezima nikawasha. Namwambia lakini alikuwa bado anavuma. Ananiuliza mwaka ule nilipokuwa wa kwanza mbio za mita mia mbili, nilipovuka kamba pumzi yangu ilinyamaza hapo hapo? Namwambia hapana, nilihema mpaka mwalimu wa michezo akaniletea kiti. Anasema basi.

Basi nikaelewa. Nikabonyeza mara moja, mikono yangu yote miwili nikaikalia, na nikamwacha aheme. Naye akahema, fuuu, fuu, fu, mpaka feni ya ndani ikalala.

Sharti la pili: Subiri mpaka aseme poa.

Nauliza atasemaje poa bila kuulizwa. Soketi anajibu kwamba nimwulize mambo.

Hapo nilisita. Mtu kanipa shikamoo, nimempa marahaba, halafu nigeuke nimwambie mambo kama vijana wa stendi. Nilimweleza Soketi kwamba sikulelewa hivyo. Akasema sharti halina umri. Nikatazama boksi, nikatazama waya, nikashusha sauti ili Birika asinisikie.

"Mambo?"

"Moto," anajibu Kikaangio.

Nasubiri. Dirishani machungwa yanaiva, yanachumwa, yanatiwa kwenye magunia, mchungwa unatoa maua mapya. Nyuki wanakuja, wanaondoka.

"Mambo?"

"Moto bado."

Jagi la maji linasimama, linajitolea limmwagie mwenzake maji apoe upesi tuwahi. Sauti ndogo inatoka tumboni mwa Kikaangio, ni Kikapu chake cha ndani. Inaniomba nisikubali, kwa kuwa akimwagiwa maji akiwa moto hivyo atajikunja kama karatasi na rangi yake yote itamtoka. Jagi linakaa, linasema lilitaka kusaidia tu.

Machungwa yanaiva tena. Msimu wa pili umepita na mimi sijanyanyuka.

"Mambo?"

"Moto, Bibi. Na nazidi."

Kila jibu la moto, waya wangu unafupika. Umeacha mchungwa umeinamia nyumba kama unataka kuingia. Mashuka ya Mama Hiza yamenaswa nao yako mlangoni. Boksi limesogea bila kusogezwa, limefungua mdomo, na yale maboya meupe yanasuguana, kwi kwi kwi. Namwambia Soketi nimezima kama alivyosema, nimesubiri kama alivyosema, misimu miwili, nifanye nini tena. Soketi ananiambia msimamizi haruhusiwi kujibu, anaruhusiwa kushangaa.

Ndipo Friji kule nyuma akainua mkono. Anatetemeka hivi kwamba ule mkono unaonekana kama mitatu.

"Naomba kueleweshwa," anasema. "Mimi miaka kumi na moja nasikia baridi, sijafunikwa hata siku moja. Yeye anaungua, na amefunikwa."

Neno lile lilinipiga hapa kifuani. Nikajitetea, nikasema nimefuma wiki mbili, macho yananiuma, uzi nimeuagiza Tanga mjini, na sijamfunika kwa ubaya, nimemfunika kwa kumpenda. Kikaangio akaniacha nimalize. Halafu akasema chini ya kitambaa, taratibu sana, kama mtu asiyetaka kukuvunja moyo:

"Kitambaa ni kizuri, Bibi. Waridi lako nalipenda. Lakini mimi napumulia mgongoni."

Nateremka kwenye dawati. Nazunguka nyuma yake. Namkuta amebanwa mgongo kwa mgongo na ukuta, na kitambaa kimemkaza kama bandeji. Namsogeza mbele shibiri moja. Nashika pindo la buluu kwa ncha za vidole, nahesabu moja, mbili, nalinyanyua.

Mgongoni ana matundu, safu kwa safu, na pumzi ya misimu miwili inatoka kwa mara moja. Inaninyakua kanga kichwani. Inanyanyua mashuka ya Mama Hiza yanakwenda juu kama bata bukini. Jiko lote linapaa, dawati, benchi na wanafunzi wake, na sasa tuko juu ya mlima Magoroto, ukungu umetuzunguka, baridi tamu, vitambaa vyote vinapepea mabegani, Redio anaimba kwa sauti ambayo sijawahi kumsikia nayo, Birika anacheka kifuniko kinaruka, na mimi nimeshika meza kwa mkono mmoja na nywele zangu kwa mkono wa pili, nacheka kama msichana wa mita mia mbili. Kwenye ubavu wa Kikaangio, pale kitambaa kilipokuwa, naiona karatasi. Mwandiko wa Saumu, ule wa kulalia kushoto. Imeandikwa: Mama, usikifunike kikiwa cha moto. Kinapumulia mgongoni.

Kumbe alikuwa ameniambia.

Tunashuka. Jiko linakaa mahali pake, ila sufuria moja imeelekea upande mwingine.

"Mambo?" namwuliza, safari hii kwa sauti, Birika asikie akitaka.

"Poa," anasema Kikaangio, kama mtu aliyekata kiu.

Sharti la tatu: Chomoa. Soketi alipolisoma aligeuza uso wake, na nikaelewa kwa nini. Plagi ya Kikaangio ni mkewe. Tangu asubuhi wako mdomo kwa mdomo, na sasa mimi ndiye wa kuja kuwatenganisha mbele ya wanafunzi. Nikaona nilifanye haraka, aibu isirefuke. Nikaushika waya wa Kikaangio katikati nikauvuta.

Kisigino changu kikavutwa.

Uchungu wa jino, lakini kwenye mguu. Natazama uani: chini ya mchungwa pana mkono, mkono tu bila mtu, una hina na ile pete ya feruzi ninayoijua. Mkono wa Saumu. Umeushika waya wangu katikati na unauvuta taratibu, kwa upendo wote, na plagi yangu inalegea ardhini. Nikavuta tena kidogo kujaribu. Nao ukavuta kidogo. Nikaachia. Nao ukaachia.

Nikaifuta mikono yangu kwa kanga mpaka ikakauka, kiganja na kati ya vidole, maana ilikuwa imeloa kwa hofu. Nikamwomba radhi Soketi. Nikamshika Plagi kichwani, kwa vidole vyote, kama unavyomvua kofia mtoto aliyesinzia usitake aamke, nikasema bismillahi, nikamchomoa. Akatoka bila neno. Waya wake nikamkunjia ubavuni, bila kuukaza.

Kule uani ule mkono ukafungua vidole. Ukaipigapiga ile ardhi kuzunguka plagi yangu, kama unashindilia mche, na sikuuona tena.

Nasimama mbele ya darasa. Miguu sasa inafika chini.

"Jibu ninalo," nasema. "Nizime niwe mzima. Ni wewe mwenyewe."

Kikaangio anacheka mpaka Kikapu kinagongagonga ndani. Anasema ameyangoja hayo tangu mwezi wa Rajabu, na mji wangu nikae nao. Boksi linajifunga mdomo. Soketi ananitazama kwa ule ule mshangao, ananiambia nimefaulu, cheti hakuna, anarudi ukutani na kipande chake cha ukuta.

Nimebaki na kitambaa mkononi. Waridi katikati, pindo la buluu, mahali pamoja rangi ya chai. Nilikitazama nikaona hakina kosa lolote, kilikosea mtu tu. Nikaenda nacho mpaka mwisho wa benchi. Friji alinitazama bila kuomba. Nikamfunika, nikamwekea waridi sawasawa, nikamwambia asinidondoshee.

"Ahsante, Bibi," akasema, na sauti yake haikutetemeka.

Nikaamka.

Kumekucha. Kitu cha kwanza nilichosikia ni kwamba sisikii kitu. Miaka kumi na moja naamshwa na friji, gegegege, mpaka vikombe kabatini vinaitikia. Leo kimya. Nikajua limekufa. Nikavaa ndala upande upande, nikaenda jikoni najiuliza maziwa nitayapeleka kwa nani.

Friji lilikuwa limesimama mahali pake. Juu yake, waridi katikati, pindo la buluu likining'inia mbele sawasawa, kilikuwa kitambaa. Hakijasogea hata unene wa kidole. Nikafungua mlango: taa ikawaka, maziwa baridi. Nikaweka kiganja ubavuni. Linafanya kazi, wala halitetemeki. Mlango wa uani ulikuwa na komeo lake kwa ndani.

Saumu akaja nyuma yangu anapiga miayo, kanga begani, ile pete ya feruzi kidoleni. Akasimama akasikiliza. Akaniuliza friji nimelitengeneza lini. Nikamwambia sijaligusa, na kwa kadiri ninavyojua huo ndio ukweli.

Hatukulizungumza zaidi, maana kulikuwa na jambo lililomleta. Nikamenya viazi, nikakata, nikakaanga. Yeye akaketi kwenye kigoda, mikono magotini, kama mimi nilivyokuwa nikikaa yeye akisoma kwa sauti. Kengele ikalia, ti ti ti. Nikakitoa kikapu nikakiweka juu ya kibao, viazi nikavimimina kwenye sahani, kikapu nikakirudisha. Nikabonyeza mara moja. Upepo ukaendelea, fuuu. Nikaona macho ya Saumu yanafuata kidole changu. Mimi nikakaa, nikaikalia mikono yangu.

Upepo ulipolala nikasogeza mdomo karibu nikauliza kitu kwa sauti ya chini, hakikumhusu mtu. Nikasubiri. Nilipoweka kiganja ubavuni nikaridhika. Nikakausha mikono kwa kanga, nikaishika plagi kichwani, nikaichomoa, waya nikaukunja bila kuukaza. Kikaangio nikakiacha uchi, shibiri moja kutoka ukutani, karatasi yake ikionekana.

Saumu akaitazama karatasi. Akatazama juu ya friji. Akachukua kiazi akaanza kutafuna ili asilazimike kusema, namjua.

"Kitendawili," nikamwambia.

"Tega."

"Nizime niwe mzima."

Akafikiri. Akasema mshumaa. Nikacheka, maana damu ni damu. Akasema taa. Akasema homa, akanitazama kama mtu aliyefika, nikamwambia homa haitegi vitendawili. Akainua mikono.

"Nipe mji," nikasema.

"Haya, Mama. Chukua Morogoro."

"Morogoro sitaki. Nipe Muheza."

"Muheza si wako siku zote?"

"Nataka unipe wewe."

Akaacha kutafuna. Lingekuwa friji la jana lingetusaidia kwa kelele zake, lakini la leo lilikaa kimya na kitambaa chake, likatuacha wenyewe. Kutoka uani tukamsikia Mama Hiza akiuliza nani kayatupa mashuka yake juu ya mchungwa.

"Kwangu nyumba ni kubwa, Mama," Saumu akasema. "Ungepumzika."

"Najua, mwanangu. Umenifumia kitu kizuri. Lakini mimi napumulia uani."

Akatazama chini, akaizungusha ile pete yake mara mbili. Kisha akanisogezea sahani ya viazi, akasema:

"Haya. Chukua Muheza."

Basi nikaenda Muheza, wala sikuinuka kwenye kiti.